Biskuti za Halloween: popo akivimba, rangi ikivuja, utando ukikataa kuvutika

Biskuti za Halloween zikiharibika, lawama hutupiwa rangi kwanza. Nyeusi haikolei, nyekundu imevuja, rangi ya duka lile ni mbovu. Mara nyingi rangi haina kosa. Ukifuatilia tatizo hadi lilipoanzia utakuta siagi ilipata joto kabla ya wakati wake, au maji yalizidi kwenye aisingi (pambo la sukari la juu ya biskuti), au maji hayo hayakupewa muda wa kukauka. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona kwa macho juu ya biskuti, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye bakuli.

Nawaandikia hasa wazazi na walezi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku Marekani na Kanada, ambao mtoto amerudi na karatasi ya shule kwamba Oktoba 31 kuna sherehe darasani na kila nyumba ilete kitu. Biskuti ninazozisemea ni zile za siagi zinazokatwa kwa umbo: popo, boga, mzimu, paka mweusi, kofia ya mchawi. Pambo ni aisingi ya ute wa yai, ile inayokauka ikawa ngumu kiasi cha kupanga biskuti juu ya mwenzake. Krimu ya siagi haikauki namna hiyo, na mengi ya hapa chini hayaihusu.

Popo ametoka kwenye oveni amevimba, masikio hayaonekani

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na linaumiza kwa sababu popo bila masikio na bila ncha za mabawa ni doa tu la kahawia. Chanzo chake karibu kila mara ni siagi iliyolainika. Siagi ikiingia kwenye oveni ikiwa laini, inayeyuka na kutambaa kabla unga na yai havijashikana, na umbo lote linafuata siagi. Siagi ikiingia ikiwa baridi na ngumu, unga unawahi kushikana na kingo zinabaki pale ulipozikata.

Dawa yake ni friza. Sukuma donge lifikie unene wa milimita 6 hivi, kata maumbo, yapange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, kisha ingiza trei nzima kwenye friza kwa dakika 15 hadi 20. Ziwe ngumu kabisa, kiasi kwamba ukiinua popo kwa bawa moja hapindi. Kutoka hapo moja kwa moja kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 175 za Selsiasi, ambazo kwenye oveni za Marekani husomeka 350. Trei yenyewe isiwe imetoka kwenye oveni sasa hivi. Trei ya moto inayeyusha siagi kabla hujafunga mlango.

Kama ulizigandisha na bado zimetambaa, angalia mambo mawili. La kwanza ni namna ulivyochapa siagi na sukari. Ukichapa hadi ikawa nyeupe na nyepesi, umeingiza hewa nyingi, na hewa ile itapanuka ndani ya moto. Hiyo inafaa keki. Biskuti za umbo zinataka siagi na sukari zichanganyike tu, basi. La pili ni bekingi pauda: kwa vikombe vitatu vya unga, nusu kijiko cha chai inatosha, na ukiiacha kabisa biskuti haziharibiki, zinakuwa nzito kidogo tu.

Vipimo navyo vina la kusema. Ukichovya kikombe ndani ya mfuko wa unga, unga unashindiliwa na unaweza kupata gramu 150 badala ya 120 au 125. Matokeo yake ni biskuti kavu zinazopasuka, na mtu akiona hivyo huongeza siagi, na siagi ile ndiyo inayokuja kuzitandaza. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi huo. Kipande kimoja cha siagi ya Kimarekani, kile kilichofungwa peke yake kwenye karatasi, ni gramu 113. Vipande viwili, sukari gramu 200, unga gramu 370, yai moja, chumvi kidogo na vanila vinakupa donge la kuaminika.

Ncha za mabawa zimeungua na tumbo bado bichi? Umechanganya maumbo makubwa na madogo kwenye trei moja. Oka yanayolingana pamoja, na popo wenye ncha nyembamba uwatoe mara kingo zinapoanza kubadilika rangi.

Aisingi inatiririka hadi nje ya biskuti, au inakwama na kuacha michirizi

Kabla ya kwenda mbele, hakikisha msingi wa aisingi yenyewe. Mfuko wa pauni moja wa sukari ya unga ni gramu 450 hivi. Tia poda ya merengi, yaani ute wa yai uliokaushwa na kusagwa, vijiko vitatu vya chakula na maji vijiko vitano hadi sita, kisha koroga kwa kasi ya chini hadi iwe nyeupe na nzito. Ute wa mayai mabichi pia hufanya kazi, lakini biskuti hizi zinaliwa na watoto wa watu, na yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela. Kwa chakula cha shule mimi sitii ute mbichi, na sioni sababu ya mtu yeyote kufanya hivyo wakati poda inauzwa.

Uzito wa aisingi hupimwa kwa kuhesabu. Pitisha kisu katikati ya bakuli, kisha hesabu sekunde hadi mstari upotee. Ukipotea kabla ya sekunde 10, ni nyepesi mno. Itamwagika pembeni na itakuletea karibu matatizo yote yaliyobaki kwenye makala haya. Ukipotea kwenye sekunde 15 hivi, unaweza kuchorea mpaka na kujaza ndani kwa aisingi hiyo hiyo, na ndiyo ninayowapendekezea wanaoanza. Ukibaki zaidi ya sekunde 25, inafaa tu kuchora macho, meno na mishono ya mdomo.

Maji yaongezwe kwa nusu kijiko cha chai, au kwa chupa ya kunyunyizia, kamwe si kwa kumimina kutoka bombani. Ikishakuwa nyepesi, irudishe kwa sukari ya unga uliyoichekecha. Aisingi iliyolala usiku hujitenga, maji yakashuka chini; mtu anayeanza kupamba asubuhi bila kuikoroga upya anapata maji tupu kwanza, kisha mawe.

Nyeusi imekuwa kijivu

Halloween bila nyeusi haiendi, na nyeusi ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Ukiwa na aisingi nyeupe, ukaanza kudondosha rangi nyeusi, utapita kijivu, kisha kijivu kingine, kisha utaishiwa uvumilivu na kumimina nusu chupa. Hapo itakuwa nyeusi, lakini itakuwa chungu, itapaka midomo na meno ya darasa zima, na haitakauka vizuri.

Anza na kahawia. Chekecha vijiko viwili vya chakula vya kakao kwenye kikombe kimoja cha aisingi, ongeza matone ya maji kwa sababu kakao inaifanya iwe nzito, kisha ndipo utie rangi nyeusi ya jeli. Utahitaji kiasi kidogo sana cha jeli, na ladha itakuwa ya chokoleti. Usitumie rangi za maji zile za chupa ndogo za dukani. Kabla hujafika kwenye nyeusi utakuwa umeiharibu aisingi kwa maji.

Na uikomee kwenye kijivu kizito. Ifunike kwa plastiki iliyogusa uso wa aisingi, iache saa kadhaa au usiku kucha. Rangi inakolea yenyewe inapokaa, na inakolea tena inapokauka juu ya biskuti. Nyekundu nayo ina tabia hiyo hiyo. Anayepamba usiku wa Oktoba 30 na kutaka nyeusi ya papo hapo ndiye atakayeimimina.

Nyeusi imevujia kwenye nyeupe

Mzimu alikuwa mweupe safi ulipolala. Asubuhi macho yake yana kivuli cha zambarau kuzunguka pande zote, na mdomo umeota mizizi.

Rangi hiyo haikutembea peke yake, ilibebwa na maji. Mahali penye maji mengi na mahali palipoanza kukauka pakigusana, maji husogea kuelekea pakavu, na rangi iliyoyeyuka ndani yake husogea nayo. Kadiri ulivyotia rangi nyingi, ndivyo inavyosalia ya kuvuja. Kwa hiyo nyeusi iliyomiminwa, ikawekwa juu ya nyeupe nyepesi isiyokauka, itavuja tu hata ungekuwa na rangi ya bei kubwa kuliko zote.

Uliza maswali haya kwa mpangilio. Nyeupe ilikauka muda gani kabla hujaweka macho? Kama ni saa moja au mbili, jibu umeshalipata: uso ulikuwa umeshika ngozi, chini bado ni maji. Iache usiku kucha, saa 8 hadi 12. Nyeusi ya macho ilikuwa nzito kiasi gani? Iwe nzito kama dawa ya meno, isimame pale ulipoiweka. Biskuti zilikauka wapi? Kama ni kwenye friji, au ndani ya kopo lililofungwa mapema, unyevu haukuwa na pa kwenda.

Hali ya hewa inaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Mwisho wa Oktoba kule Minnesota au Ohio, hita za nyumba zimeshawashwa na hewa ya ndani ni kavu. Aisingi inashika ngozi haraka na uvujaji ni mdogo. Seattle inanyesha, Houston bado ina joto la unyevu, na aisingi ile ile inaweza kubaki laini hadi kesho yake. Kama unaishi sehemu za namna hiyo, nunua feni ndogo ya mezani. Ipulize juu ya biskuti kwa kasi ya chini mara tu unapomaliza kujaza, kwa saa ya kwanza au mbili. Feni inakausha uso upesi, inazuia uvujaji, na inaacha mng'ao mzuri ambao aisingi iliyokauka polepole haiupati.

Mzimu akishavuja harudi mweupe. Akishakauka vizuri, mchoree kivuli cha kijivu pembeni kwa brashi kavu na rangi ya unga, ionekane ndivyo ulivyokusudia. Na kama huna usiku mzima wa kusubiri, yaache macho ya aisingi. Tumia kalamu ya rangi ya kuliwa juu ya nyeupe iliyokauka. Kalamu haibebi maji ya kutosha kuvuja.

Utando wa buibui haukuvutika

Biskuti hii ndiyo nzuri kuliko zote kufanya na mtoto, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Unajaza duara kwa nyeupe. Papo hapo, nyeupe ikiwa bado mbichi, unachora duara tatu au nne za nyeusi, moja ndani ya nyingine, kuanzia nukta ya katikati. Halafu unachukua kijiti cha meno, unakigusisha katikati na kukivuta hadi ukingoni, unakifuta, unavuta tena upande mwingine. Kila mvuto unapinda duara kuwa pembe, na baada ya mivuto minane utando umekamilika.

Mistari ikivunjika na kuchanika badala ya kupinda, nyeupe ilishashika ngozi. Kwenye nyumba yenye hita unaweza usipate hata dakika mbili. Fanya biskuti moja hadi imalizike, ndipo uende nyingine. Kujaza duara kumi nyeupe kwanza ndiko kunakoharibu.

Mistari ikizama na kuyeyuka hadi utando ukawa wingu la kijivu, aisingi ni nyepesi. Na kama nyeusi imebaki imeinuka juu ya nyeupe, ukiipitishia kidole unaihisi, basi nyeusi ni nzito kuliko nyeupe. Rangi zote mbili ziwe na hesabu moja ya sekunde, kati ya 12 na 15, zipimwe bakuli kwa bakuli kabla ya kuziweka kwenye mifuko ya kupambia. Kisha gonga biskuti mezani kidogo, mara moja tu, mistari ilingane.

Kijiti kisipofutwa kila mvuto, mvuto wa tatu utapaka nyeupe yako masizi. Mpe mtoto kitambaa chenye unyevu mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia.

Mashimo na mapovu

Mashimo hutokea sehemu ndogo: jicho la paka, pua ya boga, kidole cha mfupa. Unajaza, linapendeza, baada ya nusu saa katikati pamezama. Eneo dogo linakauka polepole katikati, na aisingi nyepesi haina nguvu ya kujishikilia. Chora kwanza mstari mdogo uliojikunja ndani ya eneo hilo kwa aisingi nzito, kisha jaza juu yake, halafu peleka kwenye feni mara moja.

Mapovu yana asili nyingine, ni hewa ya mashine. Koroga kwa kasi ya chini, acha aisingi ipumzike dakika 10 hadi 15 ikiwa imefunikwa, igonge kwenye kaunta, na yale yatakayotokea juu ya biskuti yatoboe kwa kijiti kabla uso haujashika.

Imepita siku nzima na bado inanata

Hapa shuku mafuta. Bakuli la plastiki lililowahi kukorogea siagi hushika mafuta hata likioshwa, na mafuta ni adui wa ute wa yai. Tumia bakuli la kioo au la chuma, lifute kwa siki kwanza. Shuku pia rangi: zipo zilizotengenezwa kwa mafuta kwa ajili ya kutia rangi chokoleti, na hazifai kabisa kwa aisingi hii. Soma kibandiko. Wengine hutia sharubati ya mahindi ili aisingi isiwe ngumu mno kwa meno. Kijiko cha chai kimoja hakidhuru, vijiko vitatu vya chakula vitakuachia gundi.

Ikikauka lakini ikatokea madoa meusimeusi ya unyevu juu yake, hayo ni mafuta ya siagi yaliyopanda kutoka kwenye biskuti. Zilipambwa zikiwa na joto, au hazikuiva sawasawa. Zipoe kabisa, saa mbili au zaidi, na ukiweza zilaze juu ya tishu za jikoni usiku kabla ya kuzipamba.

Zambarau imegeuka buluu

Kofia ya mchawi iliachwa dirishani, na zambarau yake imepauka. Zambarau ni mchanganyiko wa buluu na nyekundu au waridi, na hiyo nyekundu ndiyo huchoka mapema ikipigwa na mwanga, buluu ikabaki. Kausha zambarau mbali na dirisha, zihifadhi kwenye boksi lisilopitisha mwanga, na uzikoleze kidogo zaidi ya unavyotaka.

Biskuti hazina kasoro lakini zimerudishwa

Tatizo hili halitatuliwi kwa feni. Shule nyingi za Marekani hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani, au zinataka kila kitu kiwe na orodha ya viambato, kwa sababu ya watoto wenye mzio wa karanga, maziwa au mayai. Mwulize mwalimu kabla hujanunua siagi. Vilevile, biskuti za nyumbani si za kugawia watoto wageni wanaopita mlangoni kuomba peremende usiku wa tarehe 31. Wazazi wengi hutupa chochote kisicho na kifungashio cha kiwandani. Wape majirani mnaojuana. Ukiona mtu ameweka boga la rangi ya buluu-kijani nje ya mlango wake, anakuambia kwamba anavyo vitu visivyo chakula kwa watoto wenye mzio. Desturi hiyo ilianzia Tennessee mwaka 2012, na nyumba zetu nazo zinaweza kuifuata kwa gharama ya vibandiko na penseli.

Kwa familia za Kiislamu, vibandiko vya madukani vinahitaji macho. Mashimelo mengi ya Marekani, zile peremende nyeupe laini watu wanazozikata kufanyia mizimu, yana jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe. Tafuta yenye alama ya halali. Vanila ya maji inayouzwa huko kwa jina la dondoo halisi lazima kisheria iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35, kwa hiyo asiyeitaka anunue ya unga au iliyoandikwa haina alkoholi. Macho ya sukari ya kubandika huwa na mng'ao ambao wakati mwingine hutokana na utomvu wa wadudu. Macho ya aisingi uliyochora mwenyewe hayana shaka yoyote.

Usafiri ndio unaobaki. Biskuti zilizokauka usiku kucha zipangwe tabaka kwa tabaka zikitenganishwa na karatasi ya kuokea, ndani ya boksi la kina kifupi, mabawa yakielekea katikati. Zisiingie kwenye friji. Kama ulizipamba mapema sana, zigandishe ndani ya boksi lililofungwa vizuri, na siku ya kuzitoa usifungue kifuniko hadi boksi lote lifikie joto la chumba. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa chumba utatua juu ya aisingi, na nyeusi itaanza kuvuja asubuhi ile ile ya sherehe.